Makopo Yaliyopigiwa Kura

Vijana wa kitengo, siku ya kuniaga mlinitega. Mliniletea keki, mkanipa saa ya ukutani isiyo na betri, kisha mkanidai niandike mambo mawili matatu ya kazi ili yasipotee. Nimestaafu, nina nafasi, na saa yenu haiwezi kuniambia nafasi hiyo ni kubwa kiasi gani. Basi naandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu vilikuwa vichache, na mshahara ninyi wenyewe mnaupokea, mnajua ulivyo na haya. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, ambayo ni kumwuliza mtu anayeuza afya ndani ya kopo, tena kwa adabu, amejuaje kwamba inafanya kazi.

Nilikuja kitengoni mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, baada ya kuhesabu vidonge dirishani mwa hospitali mpaka vidole vikawa vinahesabu vyenyewe. Ofisi ilikuwa katikati ya jiji, orofa ya juu ya jengo ambalo lifti yake ilikuwa na siku zake za mapumziko. Tulikuwa wawili tu. Mkuu wangu alikuwa Bwana Harjit, mfamasia mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha buluu, mzaliwa wa Nairobi, aliyezungumza Kikuyu cha kutosha kununua sukuma wiki bila kupunjwa. Madaktari, wenye kemisti, wachungaji na raia wa kawaida walitupigia simu au kupanda ngazi kutuuliza kama kirutubisho fulani kinafanya yale kinayosifiwa. Sisi tulitafuta utafiti, tukausoma, tukajibu. Hatukuwa polisi. Hatukumkamata mtu, na ndiyo maana wauzaji walitupenda hata walipotuchukia.

Siku ya kwanza Bwana Harjit alinipa chupa na kioo cha kukuzia maandishi, akaniambia nimsomee inafanya nini. Nilisoma haraka haraka, nikasema inatibu moyo. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena, nikasema inatibu moyo. Akaniambia niweke kidole juu ya neno "inatibu". Nilitafuta mbele, nyuma na chini ya kifuniko, sikuliona. Chupa ilisema "husaidia kudumisha moyo wenye afya", yaani moyo ambao tayari ni mzima utaendelea kuwa mzima, jambo ambalo hata maji ya bomba yanaweza kudai.

"Hiyo sentensi imeandikwa na wakili," alisema. "Kila neno hapo limevaa koti la mvua."

Kisha akala njugu zake. Alikuwa na njugu mfukoni kila siku ya Mungu, na alizitafuna polepole wakati wa kufikiri, hivi kwamba ukisikia ametulia ghafla ulijua kuna jambo amelipata.

Vifaa vyetu ninyi mngevicheka. Tulikuwa na kompyuta moja. Uliiomba makala ya utafiti, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukakuta imeleta kichwa cha habari na jina la mwandishi wa kwanza. Tulipata diski kwa posta, na tulikuwa na jamaa wa maktaba ya chuo aliyetutolea fotokopi kwa roho safi. Ukutani kulikuwa na rafu tatu, na rafu hizo zilikuwa shule yangu. Ya juu ilikuwa ya vitu vilivyoonyeshwa kwamba vinafanya kazi. Ya kati, ndefu kuliko zote, ya vitu ambavyo havijaonyeshwa. Ya chini ya vitu vilivyoonyeshwa kwamba havifanyi kazi. Bwana Harjit alinigombeza mara nyingi kwa kuchanganya ya kati na ya chini. Kitu ambacho hakijachunguzwa si sawa na kitu kilichochunguzwa kikashindwa, na ukimjibu mtu hovyo hapo umemdanganya kama muuzaji tu. Na msisahau ile ya juu. Ilikuwa fupi lakini haikuwa tupu. Asidi ya foliki kwa mwanamke anayetarajia mtoto ilikaa pale, na madini ya chuma kwa mtu aliyepungukiwa na damu. Anayekataa kila kopo ni mvivu wa kusoma sawasawa na anayenunua kila kopo.

Kampuni moja ilituletea faili nene la kuthibitisha kwamba vidonge vyao hurudisha ujana. Nililisoma lote. Utafiti ulikuwa wa panya. Panya walikuwa na furaha, manyoya yaling'aa, waliruka juu kuliko panya wenzao. Niliuliza nijibu vipi. Bwana Harjit alichukua kalamu, akaandika barua fupi ya kuwapongeza panya na kuuliza ni lini zamu ya watu itafika. Nilidhani ni mzaha wa ofisini, mpaka nilipoona ameitia stempu.

Halafu zikaja plasta za nyayo. Mtu alizibandika chini ya miguu akilala, akaamka akazikuta nyeusi tititi, akaambiwa ule weusi ni sumu iliyotoka mwilini. Watu wa heshima, wenye magari, walituletea plasta zao zilizotumika ndani ya mifuko ya nailoni ili tupime sumu. Bwana Harjit alitwaa plasta mpya, akailowesha kwa maji kidogo, akaifunga kwenye mguu wa meza yangu. Asubuhi ilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Aliizunguka ile meza kwa huruma, akaniambia niipunguzie kazi, ina sumu nyingi. Tangu siku hiyo mteja wa plasta alipokuja, hatukumweleza kitu. Tulimwonyesha meza.

Na kulikuwa na mashine ya kushikwa mkononi, iliyodaiwa kusoma magonjwa yote kwa dakika chache, kisha kukuandikia virutubisho vya kununua. Nilitumwa kwenda kupimwa katika ukumbi mmoja wa mjini. Msichana wa mezani aliniuliza jina na umri, akabonyeza kompyuta huku akizungumza na simu, na kwa bahati nzuri akaniandika kuwa mwanamume. Sikumsahihisha. Nilirudi ofisini na karatasi yenye muhuri inayosema ini langu limechoka, lakini tezi dume yangu iko katika hali nzuri sana. Mume wangu aliiweka kwenye fremu.

Mnaweza kudhani kazi ilikuwa kicheko tu. Kicheko kilikuwepo, ndiyo, mpaka siku kopo lilipoingia kwangu.

Mama mkwe wangu aliishi Dagoretti, kwenye shamba dogo ambalo mji ulikuwa umelizunguka pande zote. Sote tulimwita Maitu, yaani mama. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti, mwenyekiti wa chama cha akina mama kumi na kitu waliokutana nyumbani kwake kuchangiana. Alikuwa pia na presha ya miaka mingi, na vidonge vya hospitali alivyovimeza kila asubuhi huku akivitukana. Vilimpeleka chooni, alisema, kama mtoto.

Katika chama hicho aliingia Sista Priska, mke wa mzee wa kanisa, mwanamke mchangamfu mwenye gari jeupe na unga wa kahawia ndani ya kopo. Unga ule ulikorogwa katika maji moto, na ulisemekana kutibu presha, sukari, magoti, usingizi na, kama mume angekubali kuonja, ndoa. Msidhani Sista Priska alikuwa tapeli. Aliunywa mwenyewe asubuhi na jioni, akaamini kabisa. Mwongo unaweza kumbana kwa maswali. Mtu anayeamini atakukorogea kikombe, akuombee, na utaondoka umebeba makopo mawili.

Wenzetu waliouza namna hii hawakuhitaji utafiti kwa sababu walikuwa na ushuhuda. Mnaujua ushuhuda. Mtu anasimama, anasema bwana asifiwe, anaeleza alivyokuwa taabani na alivyo sasa, watu wanapiga makofi, na kikapu hakirudi kitupu. Maitu alisimama katika chama, mbele ya wanawake wote, akatangaza kwamba ameviweka kando vidonge vya hospitali na hatavirudia. Wanawake watano wenye presha wakamfuata. Wote wakaandikishwa chini yake, naye akaandikishwa chini ya Sista Priska, na kila kopo lililonunuliwa likampandisha aliye juu ngazi ya mauzo.

Nilijaribu njia ya kawaida. Nilitafuta utafiti wa ule unga, kila mahali nilipojua pa kutafuta, sikupata hata wa panya. Nikaandika maelezo mazuri, marefu kiasi, kuhusu hatari ya kuacha vidonge vya presha ghafla, nikampelekea Jumapili. Alinishukuru. Juma lililofuata niliyakuta yametandikwa chini ya mayai kwenye trei. Nikamwendea mume wangu aongee na mama yake. Akasema, "Daktari ni wewe," akatoka kwenda kuangalia tairi la gari lisilo na shida yoyote.

Nilipombembeleza Maitu mwenyewe jikoni, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama mimi nina chuki na Sista Priska. Na hapo mkaza mwana anafunga mdomo. Ningeweza kubishana na kampuni ya ng'ambo kwa barua. Na mama wa mume wangu, jikoni kwake, siwezi.

Mwezi huo huo jirani yake mmoja, aliyekuwa na presha vilevile na aliyeacha vidonge kwa sababu zake mwenyewe, alianguka bafuni. Alipona, lakini mkono wa kulia haukurudi, na mdomo ulikwenda upande. Maitu alikwenda kumwona, akampelekea kopo. Jioni hiyo nilimwomba anipe mkono nimpime. Alikubali kwa kunifurahisha. Namba nilizoziona zilinifanya nikae kwenye stuli bila kuangalia kama ipo. Niliogopa, vijana. Nilimpenda yule mama mwenye kelele, aliyenifundisha kumwogesha Kamau, mtoto wangu wa kwanza, bila kunicheka, na akilini nilimwona ameanguka bafuni, peke yake, na unga wake mezani.

Kesho yake sikufanya kazi yoyote ya maana. Bwana Harjit aliniona nimeishika kalamu bila kuandika, akaniuliza. Nikamweleza yote, mpaka mayai. Alitafuna njugu zake, akauliza maswali ambayo hayakuwa na maana kwangu. Hao kina mama wanakutana mara ngapi? Wanaaminiana? Zamu ya kupokea mchango wanaipangaje?

Nikamwambia wanapiga kura. Kila mwanzo wa mzunguko wanatia vikaratasi ndani ya kiondo, kikapu cha kusuka, kila mmoja anachota akiangalia pembeni, na alichochota ndicho chake. Hata mwenyekiti hawezi kubadilisha. Njugu zikanyamaza.

"Basi hao wanajua kazi yetu," akasema. "Hiyo ndiyo sehemu ngumu, na wameifanya miaka yote."

Kwa hiyo mkutano uliofuata nilikwenda Dagoretti nikiwa na mashine ya kupima presha na tabasamu. Baada ya chai niliomba nafasi. Nikawaambia ukweli mtupu, kwamba ofisi yetu imetafuta utafiti wa unga huu na haikupata, na kwamba badala ya kungoja watu wa ng'ambo, wao wangeweza kuufanya hapa hapa. Sista Priska angetoa unga. Makopo nusu yangekuwa na unga huo, na nusu unga wa chakula tu unaofanana nao, usio na dhara. Kila mmoja angechota kura kwenye kiondo kama kawaida yao. Chini ya kila kopo kungekuwa na doa jekundu au la kijani, na maana ya rangi hizo ingejulikana na Bwana Harjit peke yake, mpaka siku ya mwisho. Hata mimi nisingejua.

Walipenda. Msishangae. Watu hupenda kuulizwa. Sista Priska alikubali kabla sijamaliza, akasema kazi ya Mungu haiogopi kipimo, na kwa hilo nilimheshimu, kwa maana kuna maprofesa waliowahi kunikatia simu kwa ombi dogo kuliko hilo.

Kisha nikasoma masharti. La kwanza, hakuna kuonjeshana wala kubadilishana. La pili, kila mkutano nitawapima presha wote. La tatu nililisema haraka, nikiwa nakunja karatasi, kama mtu anayetaja jambo dogo la ofisi. Mwenye vidonge vya hospitali lazima avimeze kila siku kama daktari alivyoandika, tangu leo hadi siku ya mwisho.

"Hiyo ni ya nini tena?" Sista Priska akauliza.

Nikamweleza kwamba katika utafiti hali za watu lazima zilingane. Kama huyu anameza na yule ameacha, hatutajua kopo limefanya nini. Atakayeacha itabidi tumtoe kwenye hesabu na kopo lake lirudi. Hayo yote yalikuwa kweli, mnaweza kuyasoma katika kitabu chochote cha kazi yetu. Sikusema tu kwamba hilo sharti ndilo lililonileta Dagoretti, na kwamba mengine yote, madoa, makopo na kiondo, nilikuwa nimeyajenga kulizunguka.

Maitu aliniangalia kwa muda. Alikuwa na namna ya kumwangalia mtu kama anayepima nyama kwa macho kabla haijafika kwenye mizani.

"Ni sheria ya hiyo utafiti?" aliuliza.

"Ni sheria, Maitu. Si mimi niliyeitunga."

"Basi kama ni sheria," akasema, na akawageukia wale wanawake watano. "Mmesikia. Kila mtu atafute vidonge zake pahali alitupa."

Bwana Harjit alitengeneza unga wa chakula mwenyewe, nyumbani kwake Muthangari. Alikaanga wimbi mpaka ukawa na rangi sawa na ule unga, akausaga, akaujaribu kwa maji moto, akamwonjesha mke wake vikombe viwili, na mama huyo akashindwa kusema kipi ni kipi. Ngojeni, najua mnachofikiri. Leo mngehitaji kibali cha kamati, na kamati ingehitaji chai. Nyakati zile pia tulipaswa kuomba, na jaribio letu halikuwa utafiti wa kuandikiwa popote. Lilikuwa kundi la watu wachache waliokunywa chai pamoja na kusimuliana kila kitu. Mmoja alimgawia mumewe nusu kopo siku ya pili tu. Mwingine alinipigia simu kuuliza kama maziwa yanaruhusiwa, kwa kuwa ameshayatia. Msije mkaninukuu mahali.

Wiki zikapita. Kila mkutano nilifunga mikono, nikapima, nikanyamaza. Presha ya Maitu ilianza kushuka. Mara ya kwanza sikuamini, nikampima mkono wa pili. Nilikuwa na furaha ya kuruka na sikuruhusiwa kuionyesha, kwa hiyo nilikohoa.

Siku ya mwisho Bwana Harjit alikuja mwenyewe Dagoretti, amevaa suti. Alipewa mukimo wa viazi na mahindi, akala, akaongezewa, akala tena, na akina mama wakaamua kwamba mzee wa kilemba ni mtu anayeweza kuaminika. Kisha shuhuda zikaanza, kabla ya madoa kusomwa, kwa sababu Sista Priska alitaka Mungu atangulie.

Alianza yeye. Kopo alilochota, alisema, limemfanya alale usingizi mmoja mpaka asubuhi, na lile joto la miguu limekwisha. Makofi. Wakafuata wengine, karibu wote. Mmoja macho yalikuwa yamefunguka. Mmoja tumbo lilikuwa limetulia. Mwisho akasimama Maitu, akajifunga leso vizuri. Alisema magoti yake yalikuwa yamekufa na sasa yamefufuka, na kwamba Jumanne alimfukuza mbuzi wa jirani kutoka kwenye mboga zake hadi barabara ya lami, mbuzi akachoka kabla yake. Chumba kiliwaka. Hata Bwana Harjit alipiga makofi, maana ilikuwa hadithi nzuri.

Kisha akasimama, akafuta ndevu, akawaomba wageuze makopo.

"Kijani ni unga wa Sista," alisema. "Nyekundu ni wimbi. Wimbi ya kawaida, ya sokoni."

Kulikuwa na kishindo cha makopo kugeuzwa. Sista Priska aligeuza lake. Jekundu. Maitu akageuza lake. Jekundu. Kila upande wa chumba wanawake waliangalia madoa yao, kisha ya wenzao. Waliotoa shuhuda motomoto walikuwa wa kijani na wa nyekundu, wamechanganyika kama mahindi na maharagwe kwenye githeri. Nilisoma presha. Wale waliokuwa na vidonge vya hospitali walikuwa wameshuka, awe wa kijani awe wa nyekundu. Wasiokuwa na vidonge walikuwa pale pale walipokuwa, awe wa kijani awe wa nyekundu. Bwana Harjit aliketi. Alikuwa amenifundisha kwamba watu wakishafika mlangoni wenyewe, usiwasukume.

Sista Priska aliligeuza tena kopo lake likasimama wima. Halafu akasema, "Basi na wimbi pia ni Mungu ameumba," na akaanza kumimina chai. Miezi michache baadaye aliacha unga, akaingia katika biashara ya sufuria zisizoshika kutu. Ninazo tatu. Ni nzuri kwelikweli, na ziko rafu ya juu.

Lakini mimi sikuwa namwangalia yeye. Nilikuwa namwangalia Maitu. Nilikuwa nimemwaibisha mwenyekiti nyumbani kwake, mbele ya wanawake aliowaleta mwenyewe, baada ya kumwacha asimame na kusema habari za mbuzi. Niliwaza kwamba sasa, kwa hasira tu, atavitupa tena vile vidonge, na safari hii hakutakuwa na kiondo cha kumrudisha.

Wageni walipoondoka nilimfuata jikoni. Alikuwa anaosha vikombe. Nikaanza kuomba radhi. Nilisema sikujua kopo lake lilikuwa la rangi gani, na kwamba kama ningejua ningemzuia asitoe ushuhuda.

"Mama Kamau," akasema bila kugeuka, "mimi nimekunywa uji ya wimbi tangu nizaliwe. Ulifikiria sitaijua? Siku ya kwanza tu nilijua."

Nilibaki na taulo mkononi. Nikamwuliza, sasa mbuzi? Magoti?

"Mbuzi nilifukuza. Magoti yanauma mpaka sasa." Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mtoto wa shule. "Mtu akikusimamisha utoe ushuhuda, utasimama useme hakuna kitu? Si hiyo ni madharau?"

Vijana, nilikuwa nimesoma shuhuda kwa miaka, nikizipanga, nikizikosoa, nikizitafutia makosa ya kumbukumbu na ya hesabu. Hakuna siku niliyowaza kwamba nyingine zilikuwa adabu tu. Mtu amekualika, amekupikia, amekupa nafasi ya kusimama, nawe huwezi kumrudishia mkono mtupu.

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema kitu wiki zote hizo, kama alijua anakunywa uji. Alisuuza kikombe, akakiinamisha juu ya trei, akachukua kingine.

"Ningesema nini? Nilisimama hapo mbele ya watu nikasema nimeacha hizo dawa. Wale wamama wakaniangalia mimi, wakaacha zao. Halafu huyo wa hapo chini akaanguka. Nilirudi kutoka kwake, nikakaa na vidonge zangu kwa mkono, nikashindwa. Mtu mkubwa anarudi nyuma akipitia wapi?" Akakiinamisha na hicho kingine. "Halafu wewe ukakuja na sheria."

Nililia pale pale, na sikujificha. Aliniacha nilie, kisha akanipa kikombe nikaushe, kwa sababu kwake mtu hakulia bure huku vyombo vimelowa.

"Vidonge zimebaki kidogo," akasema. "Zangu na za wale watano. Kesho upite kemisti. Na huyo mzee umwambie wimbi yake ilikuwa na mchanga."